Fulana ya selimundu imsemeshe nani? Jibu kwa binti wa Igoma

Swali: "Shikamoo mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Igoma, Mwanza. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 14 na ana selimundu. Sisi ndugu na wazazi tunaokutana kliniki tumechanga pesa tutengeneze fulana 60 za Siku ya Selimundu, Juni 19. Nimechora tone la damu linalolia, pembeni utepe mwekundu, na chini maneno ya Kiingereza yanayomwita mgonjwa shujaa wa vita. Fulana zitakuwa nyeupe kwa sababu ndizo za bei nafuu. Mdogo wangu ameutazama mchoro akaniambia hataivaa. Nimekosea wapi, na nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na poleni kwa kuuguza. Mchoro wako nimeutazama mara kadhaa. Mkono wako ni mzuri, mistari haitetemeki, na hilo tone umelipa uso ambao mtu hausahau. Lakini mdogo wako ana haki, na nitakueleza kwa urefu, maana mimi mwenyewe nimewahi kukosea kosa kubwa kuliko lako.

Miaka kadhaa iliyopita kikundi fulani kiliniletea kazi ya fulana za siku hiyohiyo. Walitaka maneno mazito, nikawapa: TOKOMEZA SELIMUNDU, kwa herufi kubwa nyekundu kifuani. Asubuhi ya maandamano nikawa nagawa mwenyewe, namtazama mtu mabega, namchagulia saizi, mpaka nikamfikia mtoto wa kike wa kama miaka kumi, mwembamba, macho yana unjano. Akaikunjua fulana, akaisoma silabi kwa silabi, kisha akamgeukia mama yake: "Mama, wanataka kunitokomeza mimi?" Mama yake hakujibu. Alimvalisha ile fulana, akamvika na sweta juu yake, akapandisha zipu mpaka shingoni.

Tangu siku ile, kila anayeniletea kazi ya namna hii namuuliza kabla sijashika penseli: fulana yako inasema na nani? Ya kwako, kama ulivyoichora, inamsema aliyeivaa. Inamwambia kila abiria wa daladala kwamba mwenye ugonjwa ni huyu hapa, mwangalieni, muoneeni huruma. Kijana wa miaka 14 ameshatazamwa vya kutosha. Ametazamwa darasani macho yakiwa ya njano, ametazamwa wodini akilia usiku, ametazamwa uwanjani wenzake wakicheza mpira naye amekaa chini ya mti. Sasa dada yake anampelekea nguo ya kumfanya atazamwe na mji mzima. Hakukataa upendo wako, amekataa kuwa bango.

Na sisi hatukuanza jana kuandika kwenye nguo. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yale maneno yanayokaa chini ya mji, na bibi zetu waliyatumia kwa ufundi kuliko sisi wenye kompyuta. Mwanamke akijifunga kanga yenye jina kali na kupita uani, hakuna anayedhani kajitangaza yeye. Maneno yanamwendea jirani. Jirani huyasoma, huyatafuna, na jioni bado anajiuliza kama yalikuwa yake. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka fulana zako 60 zifanye: zimsemeshe anayezisoma, zimwache aliyezivaa na amani yake.

Basi tuanze na huyo anayesoma. Ni mtu anayepita Makoroboi na mfuko wa nyanya, au anayesubiri kivuko cha Kamanga. Akiona tone linalolia atahuzunika kwa hatua tatu, kisha ataendelea na safari yake, kwa sababu hujampa la kufanya. La kufanya lipo, tena moja tu: aende akapimwe ajue amebeba nini kwenye damu.

Wewe haya unayajua, ila wasomaji wengine huenda wanayasikia leo. Selimundu ni ugonjwa wa damu wa kurithi. Kila mtu hupokea kinasaba kimoja cha himoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa baba na kimoja kwa mama. Cha kawaida huandikwa A, cha selimundu huandikwa S. Mwenye AA hana S kabisa. Mwenye AS ameibeba, lakini kwa kawaida ni mzima, na wengi wa namna hiyo huishi mpaka uzee bila kujua. Mwenye SS ndiye anayeumwa. Mume na mke wote wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto wa SS, 2 kati ya 4 za mtoto wa AS, na 1 kati ya 4 ya mtoto wa AA. Kila mimba, upya. Nimewasikia watu wazima wakisema wameshapata mmoja mgonjwa kwa hiyo watatu wanaofuata wako salama. Damu haihesabu hivyo.

Na hapa kwetu si jambo la familia chache. Upimaji wa damu za watoto wachanga wa Kanda ya Ziwa umeonyesha kwamba takriban mtoto 1 kati ya 5 ana AS, na zaidi kidogo ya 1 kati ya 100 ana SS. Simama stendi ya Nyegezi ukahesabu watu watano wanaoshuka kwenye basi. Sababu inajulikana. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hiyo, akawakuta wenye AS wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, na wachache mno kwenye nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha maelezo yake: mtoto mwenye AS huistahimili malaria kuliko wenzake. Penye mbu wengi, S ilibaki, kizazi hadi kizazi. Ukikutana na mzee anayesema ni laana ya ukoo, mweleze habari ya mbu. Atakuelewa, maana mbu anamjua.

Sasa mchoro wenyewe. Chukua karatasi, chora visanduku viwili vya mraba, vitupu, ubavu kwa ubavu, kama vile visanduku vya kujazia namba kwenye fomu ya mtihani. Chini yake andika: MOJA BABA, MOJA MAMA. Basi, mbele pasiwe na kingine. Mgongoni andika: SELIMUNDU. UNAZIJUA HERUFI ZAKO?

Nikuambie kwa nini kila kitu kimekaa hapo. Maneno ya mbele yana mizani nane, nne kwa nne: mo-ja-ba-ba, mo-ja-ma-ma. Ni ya kanga hayo, mtu akiyasoma mara moja midomo inayarudia yenyewe. Lakini nimeyachagua zaidi kwa ajili ya wale mama unaokaa nao kwenye benchi la kliniki. Unajua lawama inaangukia wapi mtoto akizaliwa na selimundu. Ukweni wanakaa kikao, wanasema ukoo wetu hatuna ugonjwa huu, umeletwa. Kuna mama ninayemfahamu ambaye alirudishwa kwao na mtoto mgongoni kwa maneno hayo. Mtoto wa SS hawezi kuzaliwa bila S ya baba, kwa hiyo nataka maneno hayo manne yapite mbele ya nyumba za watu, kifuani kwa wanaume pia. Hakikisha akina baba wa kikundi chenu wamevaa.

Mgongo nao ndio unaosomwa kwa muda mrefu zaidi. Kifua ni cha kupishana nacho, mgongo ni wa kufuatana nao: kwenye foleni ya kivuko, kwenye kiti cha nyuma yako ndani ya daladala, kwenye pikipiki iliyokwama nyuma ya bodaboda yako pale Mabatini. Ndiyo maana swali limekaa huko. Na neno selimundu lazima liwe hapo, usiliondoe hata mtu akikuambia limejaza nafasi. Nilipowahi kujaribu swali la herufi bila neno hilo, kijana wa kwanza kuliona alinijibu, "Mimi ni O." Alidhani nauliza kundi la damu. Wa pili naye hivyohivyo.

Visanduku vibaki vitupu. Hili nalisisitiza, kwa sababu najua kwenye kikundi atatokea mtu wa kusema kila mmoja ajaze herufi zake kwa kalamu ya wino, itapendeza kwenye picha. Mkatalie. Majibu ya damu ni siri ya mtu. Binti wa miaka 20 akitembea Kirumba na AS kifuani, kuna mama mkwe mtarajiwa ataiona na hatauliza maana yake. Fulana yenye visanduku vitupu inavaliwa na mwenye SS, mwenye AS, mwenye AA na asiyejua, na hakuna wa kuwatofautisha. Mdogo wako akiivaa atakuwa mtu mmoja kati ya watu 60 wanaouliza swali.

Kuna jambo la ufundi hapo ambalo nimeona wachoraji wengi wakilisahau. Visanduku viwili ubavu kwa ubavu, ukivichapa katikati ya kifua cha fulana ya kike, vitaangukia mahali ambapo hakuna mwanamke atakubali vimkae. Vipandishe juu, vidole vitatu au vinne chini ya kola, karibu na mitulinga, na viwe vidogo, sentimita 6 kila kimoja inatosha. Maneno yafuate hapohapo chini yake kwa mstari mmoja. Mvalishe dada mmoja na kaka mmoja karatasi iliyobandikwa kwa pini kabla hujamkabidhi mchapaji kitu chochote, urudi nyuma, utazame.

Kurudi nyuma ni kipimo changu cha kila siku. Herufi yenye urefu wa sentimita 2.5 husomeka bila kukodoa macho kwa mtu aliye umbali wa mita tatu hivi. Mgongoni utumie urefu wa sentimita 4 au 5, nene, zisizo na mapambo, na uzipe nafasi ya kupumua. Chapa kwenye karatasi, bandika ukutani, tembea hatua kumi, geuka ghafla. Kama umelazimika kusoma mara mbili, punguza maneno. Namba za simu usiweke, zinabadilika kabla fulana haijapauka. Jina la hospitali usiweke bila ruhusa yao ya maandishi. Mwenye fulana akiulizwa "napima wapi?", mdomo wake ndio utakaojibu: Hospitali ya Bugando kuna kliniki ya selimundu, na aulize pia kituo cha afya kilicho karibu naye. Wafundisheni wote 60 jibu hilo kabla hamjagawa, na waseme kwamba kipimo ni damu kidogo tu.

Turudi kwenye mchoro wako wa kwanza, maana sitaki uutupe bila kujua kilichoukwamisha. Tone la damu hapa mjini linasomwa kuwa ni kampeni ya kuchangia damu. Si jambo baya, watoto wetu wanaihitaji damu hiyo, lakini si ujumbe wako. Utepe mwekundu ulianzishwa New York mwaka 1991 na kundi la wasanii kwa ajili ya UKIMWI, na Tanzania nzima inaujua kwa maana hiyo moja. Kimataifa utepe wa selimundu una rangi ya damu ya mzee. Niambie, kwenye jua la saa saba, baada ya kufuliwa mara tatu, nani atatofautisha damu ya mzee na nyekundu? Mtu ataona utepe, atajijibu mwenyewe, na atapita.

Rangi yenyewe naipenda, kwa hiyo tuifanye iwe fulana nzima. Fulana ya damu ya mzee, maandishi rangi ya maziwa. Tulipofikia hapo tumekwepa mengi: nyekundu kali ungeambiwa ni Simba, kijani na njano ungeambiwa ni Yanga, na msimu wa uchaguzi ungeambiwa mengine. Nyeusi inavaliwa msibani. Nyeupe nakuomba uiache kabisa. Fulana nyeupe nyepesi ya kugawa inajulikana kwa macho tu, mtu anaivaa siku ya tukio, wiki inayofuata analimia, mwezi unaofuata ni tambara la kudekia. Ukitaka swali lako litembee mwaka mzima, tengeneza nguo ambayo mtu ataivaa Jumapili jioni kwa hiari yake, akienda kula samaki ufukweni.

Kuhusu Kiingereza nitasema kwa kifupi. Anayekijua hakuhitaji sana, na asiyekijua ndiye unayemtafuta. Halafu umepewa neno zuri ajabu, selimundu. Mvunaji wa mpunga wa Magu akilisikia anauona mundu mkononi mwake, na akiambiwa seli za damu hujikunja hivyo na kuziba njia, huhitaji kumchorea. Mkipeleka fulana vijijini, Kwimba au Misungwi, mnaweza kuweka Kisukuma mgongoni, ila sentensi aitoe mzee wa hukohuko, na aisome kwa sauti mbele yenu kabla haijachapwa.

Neno "shujaa" nalo lina uzito wake. Wapo watu wazima wenye selimundu wanaojiita hivyo kwa fahari na sina neno nao, ni jina lao wamejichagulia. Lakini mtoto akivishwa ushujaa na wengine, siku maumivu yakimzidi ataona haya kulia. Nimemsikia kijana akimwambia nesi "sijambo" huku meno yanagongana. Na kuna maneno matatu ambayo ningeyafungia kabatini: tokomeza, komesha, na zuia. Umesikia yalivyomfikia yule binti. Usiandike pia kwamba selimundu haina tiba. Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wenye selimundu wameshapandikizwa uloto, ule wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, na Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za vinasaba. Ni tiba za wachache na ni ghali mno, najua, lakini mtoto asivae kifuani sentensi inayomfungia mlango. Wengi wanaendelea vizuri kwa dawa za haidroksiurea na foliki asidi, kinga ya malaria, maji ya kutosha na kuwahi hospitali homa ikipanda.

Kitambaa. Hapa naomba unisikilize kama fundi mwenzangu, kwa sababu watakaovaa si watu wote sawa. Baridi huamsha maumivu ya selimundu, na kupungukiwa maji mwilini pia. Juni ni kiangazi, na alfajiri upepo wa ziwa unakata, hasa kwa wanaokaa vilimani. Maandamano ya saa moja asubuhi yakiwa na watoto ndani ya fulana nyepesi za mikono mifupi ni kuwatafutia kulazwa. Fulana za watoto wenye selimundu ziwe za mikono mirefu, pamba tupu, nzito kidogo, gramu 180 kwa mita ya mraba au zaidi. Watu wazima wengine wanaweza kubaki na gramu 160. Poliesta usichukue hata ukipewa kwa nusu bei, haifyonzi jasho, mtoto anavuja jasho mchana na jioni linampoa mwilini. Pindo la mkono lisiwe na lastiki ya kukaza. Na muombe anayepanga ratiba aanze saa tatu, jua likishapanda, maji ya kunywa yawepo njiani.

Akina baba wengine watakuomba zile za kola, fomu siksi, wanasema fulana ya mviringo ni ya kitoto. Wape, ila kumbuka vifungo vya kola vinashuka mpaka pale ambapo visanduku vingekaa. Kwa hizo hamishia visanduku upande wa kushoto juu ya moyo, vidogo.

Uchapaji usikupe homa. Una fulana 60 za rangi moja ya wino, kwa hiyo skrini, ile ya kusukuma wino kupitia kitambaa kilichotandwa kwenye fremu, ndiyo njia yako. Gharama kubwa ya skrini ni kuiandaa fremu, na kila rangi ina fremu yake. Rangi moja, fremu mbili, mbele na nyuma, halafu fulana ya 60 haikugharimu zaidi ya wino na mkono. Zile picha zinazochapwa kwenye filamu na kubandikwa kwa mashine ya joto zinafaa ukiwa na fulana tano au sita zenye rangi nyingi. Uliza wino. Wa plastisoli, yaani wenye plastiki ndani yake, unakaa juu ya uzi na unadumu, lakini lazima uive, nyuzi joto 160 hivi, wala si kukaushwa kwa feni. Wino wa maji unaingia ndani ya uzi, ni laini, mwili unapumua, ila juu ya kitambaa cheusicheusi kama damu ya mzee rangi ya maziwa inaweza kufifia usipopata ule maalumu wa vitambaa vya rangi nzito. Kwa watoto ningevumilia kazi ya wino wa maji. Bamba zito la plastisoli kifuani, kwenye joto la mchana, ni kama kumfunga mtu nailoni.

Usikubali kazi nzima kabla ya fulana moja ya mfano. Akikuletea, ishike maandishi kwa vidole gumba viwili, uvute pembeni kwa nguvu. Wino ulioiva unanyooka na kurudi, usioiva unapasuka kama matope ya bwawa lililokauka. Kisha ifue kama inavyofuliwa nyumbani, si kwa upole wa dukani: sabuni ya mche, usugue maandishi kwa maandishi, uipige kwenye jiwe kama unafulia ziwani, uianike juani imegeuzwa nje ndani. Mara tano kwa siku tano. Tazama na maji ya kwanza, damu ya mzee iliyotiwa rangi vibaya inachuja, na mama wa watu atakuja kukudai shuka lake. Ndiyo maana nakuambia uanze Aprili, si wiki ya pili ya Juni.

Kama pesa za kununua fulana mpya zenye uzito huo hazitoshi, nenda soko la mitumba la Mlango Mmoja mapema siku ya kufungua mabelo, utafute fulana za mikono mirefu za pamba zisizo na maandishi. Hazitafanana rangi sawasawa, damu ya mzee moja itakuwa imekoza na nyingine imepauka, na mimi sioni tatizo, zinakuwa kama watu wa ukoo mmoja. Skrini hiyohiyo inachapa juu yake. Ila zifue kwa maji ya moto kwanza.

Ushauri wangu wa hesabu ni huu: uzeni 40 kwa watu wenye uwezo, walimu, wafanyabiashara, vijana wa vyuo, kwa bei inayolipia zile 20 za watoto. Mtu akinunua nguo anaivaa. Faida ikibaki, mkubaliane mapema inakwenda wapi, na mwekahazina asome hesabu mbele ya wote. Pale kliniki mnao akina mama wanaovuka maji kutoka Ukerewe na mtoto mgonjwa mapajani. Ningeanza na nauli zao.

Limebaki la mdogo wako. Usimpelekee mchoro mpya ukiwa umekamilika. Mpelekee karatasi yenye visanduku viwili vitupu na penseli, umuulize angeandika nini chini yake. Vijana wa umri wake wana maneno ambayo mimi na wewe hatuyafikii, na kama lake ni zuri kuliko langu, litumieni. Akisema bado hataki kuvaa, asivae. Avae shati lake la kawaida Juni 19, au abaki nyumbani alale, na pasiwe na mtu wa kumsimanga.

Ila wewe ni fundi, na kuna nguo moja unayoweza kumshonea ambayo haitakuwa na neno lolote. Siku za maumivu anavaa nini wodini? Nimeona watoto wakivuliwa sweta ili wawekewe dripu, kisha wanatetemeka usiku kucha na bega moja nje, kwa sababu mkono wa sweta haupiti juu ya sindano na mpira wake. Chukua kitambaa kizito cha pamba, ndani kina manyoya laini, rangi anayoitaka yeye. Mkono mmoja uufungue wote, kuanzia kwenye bega mpaka kifundoni, kando ya mshono wa juu, uweke vifungo vya kubonyeza kila baada ya sentimita 5. Vya plastiki, maana vya chuma vinapoa na vitamgusa ngozi. Nesi atafungua viwili tu pale penye sindano, sehemu nyingine yote ibaki imefungwa, na kijana abaki na joto lake. Weka na mfuko mpana tumboni wa kuingiza viganja. Kabla hujakata, muulize ni mkono upi manesi huupata mshipa kwa urahisi, na vifungo vikae upande huo.